Maswali ya Wasomaji: Jarida la Muziki la Wanafunzi

Mwezi huu kurasa hizi ni za klabu za muziki za vyuo na sekondari zinazotaka kutoa jarida lao wenyewe. Barua nyingi ziliuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Tumechagua sita.

Shikamooni wahariri. Sisi ni klabu ya muziki ya chuo, Bagamoyo. Tumeandaa jarida la A4 la kurasa 18, la rangi, la kupigwa pini katikati. Mchapaji amelirudisha, anasema kurasa hazikai. Tumekosea wapi?

Marahaba. Mmekosea hesabu ya kukunja. Jarida la A4 la kupigwa pini hutengenezwa kwa karatasi za A3 zilizokunjwa katikati, na kila A3 inatoa kurasa nne, mbili mbele na mbili nyuma. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: 12, 16, 20, 24. Kumi na nane haimo. Shukeni hadi 16, msipande hadi 20. Makala ikipunguzwa hunoga, lakini ukurasa wa kujazia msomaji anautambua mara moja.

Sasa fungeni kompyuta. Chukueni karatasi nne za kawaida za A4, zipangeni pamoja, zikunjeni katikati, pigeni pini mbili kwenye mkunjo. Mna kijitabu cha mfano chenye kurasa 16. Andikeni namba kwa penseli kuanzia jalada, na kila ukurasa muuandikie kitakachokaa humo: yaliyomo, mahojiano, uchambuzi wa albamu, ratiba ya maonyesho. Mkimaliza, chomoeni pini mtandaze. Mtaona ukurasa wa 16 umelala ubavuni mwa wa 1, wa 15 na wa 2, wa 14 na wa 3. Kila jozi, jumla yake ni 17.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Picha kubwa ya bendi mnayotaka ivuke kurasa mbili, mkiiweka ukurasa wa 4 na wa 5, nusu yake itachapwa kwenye karatasi moja na nusu nyingine kwenye karatasi nyingine, na mkunjo ukiteleza milimita moja tu, shingo ya gitaa inakatika. Katika jarida la kurasa 16, kurasa zinazotazamana na zilizo kwenye karatasi moja ni za 8 na 9 peke yake, palipo na pini. Picha hiyo ikae hapo, ila uso wa mtu usiangukie kwenye pini.

Faili la kumpelekea mchapaji liwe na kurasa mojamoja kwa mpangilio wa kusoma, 1 hadi 16. Kuzipanga kwa jozi ni kazi yake. Mkizipanga nyinyi, naye akazipanga tena, jarida linatoka limevurugika. Kila rangi au picha inayogusa ukingo ipitilize milimita 3 nje ya A4 pande zote, maana kisu cha kukatia hakipiti mahali pamoja kila mara, na bila ziada hiyo utabaki mstari mweupe ukingoni. Maandishi nayo yarudi ndani angalau milimita 8. Kurasa za katikati hujitokeza kidogo jarida likikunjwa, kisha hukatwa zilingane na nyingine, kwa hiyo namba ya ukurasa iliyobanwa ukingoni huonekana imehama.

Mimi ni mlezi wa klabu ya muziki ya sekondari, Mombasa. Vijana wangu wamepanga maandishi kwa safu tatu kama majarida ya nje, lakini kurasa zina matundu meupe katikati ya mistari, na maneno yanakatika vibaya. Tumebadilisha fonti mara nne, hakuna kilichosaidia.

Mwalimu, fonti haina kosa. Kosa ni kupanga Kiswahili kwa vipimo vya lugha nyingine.

A4 ina upana wa milimita 210. Ukiacha pambizo ya 15 kila upande, zinabaki 180. Safu tatu zenye nafasi ya milimita 5 katikati zinakuwa na upana wa takriban 57 kila moja. Kwa herufi za pointi 9.5, mstari wa namna hiyo hubeba herufi 34 hivi. Sasa chukua neno la kawaida kabisa katika mahojiano ya bendi, "walivyoshirikiana". Lina herufi 17: nusu ya mstari! Likikosa nafasi mwishoni linashuka lote, na programu iliyoamriwa kunyoosha kingo zote mbili inatawanya maneno mawili yaliyobaki mpaka yaguse pande zote. Hayo ndiyo matundu unayoyaona. Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, na lazima safu iliachie neno hilo nafasi.

Tumieni safu mbili. Nafasi ya katikati ikiwa milimita 6, kila safu inapata 87, sawa na herufi 50 na kidogo. Nyosheni kushoto tu, kulia paachwe pacheze. Pointi 9.5 kwa herufi na 12.5 kutoka mstari hadi mstari zinatosha. Safu tatu ziwekeni pale penye vipande vifupi: ratiba, orodha ya nyimbo, habari za mistari mitano.

Kuhusu kukata maneno: programu nyingi za kupangia kurasa hazina kanuni za Kiswahili, basi hukata kwa Kiingereza. Hapo ndipo "wanamuziki" inapokuwa "wanam-uziki". Zimeni ukataji wa kujiendesha. Panapolazimu, kateni kwa mkono baada ya irabu: wa-na-mu-zi-ki. Msitenganishe ch, sh, ny, dh, gh wala ng', na katika "ng'ombe" au "kung'aa" hakikisheni alama ni ile ya ritifaa, si nukta ya juu iliyookotwa kwenye kibodi ya simu. Fonti kadhaa za bure za mapambo hazina alama hiyo kabisa, na mahali pake hutokea kisanduku kitupu. Kabla ya kuchagua fonti ya vichwa, chapeni kwayo maneno matatu: NG'AMBO, MAHOJIANO, YALIYOMO. Mkiona yote yamekaa sawa, endeleeni nayo.

Nasoma muziki Unguja. Picha ya jalada letu, ya mpiga udi, ni kali sana kwenye simu, lakini kwenye karatasi imetoka na ukungu. Simu ni ya megapikseli 12. Haitoshi?

Inatosha, na inabaki. Jalada la A4 pamoja na zile milimita 3 za ziada linahitaji pikseli 2551 kwa 3579 likichapwa kwa nukta 300 kwa inchi. Picha ya megapikseli 12 huwa na 3000 kwa 4000. Bila shaka picha imepita WhatsApp kwa njia ya kawaida, na njia hiyo huipunguza. Upande mrefu ukibaki na pikseli 1600, kwa nukta 300 unafunika sentimita 13 na nusu tu. Ukiivuta ijaze A4, pikseli zinatanuka na ukungu unaingia. Itumeni kama hati, au ihamisheni kwa waya. Na msikuze kwa vidole wakati wa kupiga, maana simu isiyo na lenzi ya kuvuta hukata tu kipande cha picha. Sogeeni karibu.

Kwa kuwa ni udi, mpigaji akae ubavuni mwa dirisha, mwanga umpate kwa upande, taa za ndani zizimwe. Hapo ubavu wa udi unaonyesha vipande vya mbao vilivyounganishwa, na kivuli cha nyuzi kinalala juu ya mbao. Flashi inafuta vyote viwili, na kinachobaki ni duara jeupe. Acheni robo ya juu ya picha ikiwa tupu, ukuta mtupu au pazia, jina la jarida likae hapo. Wanafunzi wengi hupiga picha kwanza ikabana kichwa cha mtu juu kabisa, kisha jina linaandikwa kwenye paji la uso wake.

Rangi kupooza ni jambo jingine. Kioo cha simu hutoa mwanga, karatasi inarudisha tu mwanga unaoipiga; buluu kali na kijani cha kumeremeta havichapiki kwa wino nne za CMYK, yaani samawati, magenta, njano na nyeusi. Badilisheni faili kuwa CMYK mapema, mzione rangi zitakazotoka kweli. Scribus, programu ya kupangia kurasa, ni ya bure na inafanya hivyo. Maandishi meusi yawe ya wino mweusi peke yake, asilimia 100. Yakiwa mchanganyiko wa wino nne, zikipishana kidogo tu, herufi ndogo zinapata kivuli chekundu au cha buluu.

Ni mwanafunzi wa mawasiliano, Dar es Salaam. Jarida letu limekwisha, sasa mwalimu anataka tafakuri ya mchakato, maneno 1000. Kila ninachoandika kinaishia "nimejifunza mengi kuhusu ushirikiano na ubunifu." Nifanyeje?

Futa sentensi hiyo, kisha ufungue folda ya mafaili. Tafakuri inatokana na ushahidi wa maamuzi, na maamuzi yamo katika matoleo ya zamani ya kazi yako. Kama mlihifadhi jalada kwa jina lilelile siku zote, kila siku mlifuta ushahidi wa jana. Wanaoanza sasa wasirudie: jalada_01, jalada_02 na kuendelea, na daftari lenye mambo manne kwa kila badiliko: tarehe, kilichobadilika, sababu, na nani au nini kilichowaonyesha. Wewe uliyemaliza, kusanya picha mlizotumiana, karatasi za majaribio, na ujumbe wa kundi lenu. Mengi yamo humo.

Chagua maamuzi manne, si kumi. Kila moja lipewe maneno 200: mlikusudia nini, karatasi ilionyesha nini, mlibadilisha nini, na badiliko lilileta nini. Maneno 200 yaliyobaki andikia kasoro iliyobaki ndani ya jarida lililochapwa, na kwa nini ilibaki. Wengi huificha sehemu hiyo kwa hofu ya alama, na ndiyo inayothibitisha kwamba mtu anaona.

Tazama tofauti. "Tulibadilisha rangi ya jina ili livutie zaidi" haisemi kitu. Hii inasema: "Jina lilikuwa la njano juu ya ukuta mweupe. Tulisimamisha jalada mezani, tukawaonyesha wanafunzi sita kwa sekunde tano kutoka mita mbili. Wanne hawakuweza kulitaja. Tulilifanya kahawia iliyochukuliwa kwenye mbao za udi. Katika jaribio la pili wote sita walilitaja, lakini wawili walidhani ni jarida la useremala, ndipo tukaongeza maneno 'taarabu, dansi, bongo fleva' chini ya jina." Mfano huo tumeutunga, lakini jaribio lenyewe ni rahisi, na hata sasa hujachelewa kulifanya kwa jarida lililokwisha. Uliza mambo matatu tu: jina ni lipi, ni muziki gani, umekumbuka nini. Usimuulize mtu kama jarida ni zuri. Rafiki yako atasema ni zuri.

Tunaweza kuchapa mashairi ya nyimbo?

Mstari mmoja au miwili kwa ajili ya kuuchambua, mkimtaja mtunzi, sawa. Wimbo mzima unahitaji idhini ya mwenye haki. Pa kuanzia kuuliza ni ofisi ya hakimiliki: kwa Tanzania Bara ni COSOTA, kwa Zanzibar ni COSOZA. Katika taarabu muwe makini zaidi: aliyetunga shairi, aliyetia muziki na aliyeimba mara nyingi ni watu watatu, na jarida la wanafunzi wa muziki likimtaja mwimbaji tu limewakosea wawili.

Hatuna fedha za kuchapa rangi. Shule ina mashine ya riso inayochapa mitihani. Itafaa? Tupo Kigoma, tunataka nakala 200.

Itafaa sana. Riso hutengeneza kiolezo kimoja kwa kila upande wa karatasi, kisha huchapa kwa kasi; kadiri nakala zinavyozidi, gharama ya kila nakala inashuka. Ulizeni kwanza kama inapokea A3. Kama ni A4 tu, jarida liwe A5: kurasa 16 zinahitaji karatasi nne kwa nakala, yaani 800, na mchukue 900, kwa kuwa za mwanzo hutoka zimefifia na kadhaa hukwama. Hapa hakuna mchapaji wa kuwapangia jozi, mtazipanga wenyewe kwa kufuata kijitabu cha mfano tulichoeleza juu.

Tumieni bondi ya gramu 80, msitumie karatasi ya kung'aa. Wino wa riso hukauka kwa kunywewa na karatasi. Acheni ukingo mweupe wa milimita 10 pande zote. Epukeni maeneo makubwa meusi, kwani hushika vidole na kuacha alama ukurasa wa pili. Chapeni upande wa kwanza wa karatasi zote, ziacheni hadi kesho yake, ndipo mgeuze.