Chai ya Majani Mazima: Je, Niliuziwa Majani Mabovu?

SWALI: Mhariri, nilinunua pakiti ya chai ya majani mazima kwa bei inayozidi mara tatu ile ya chai yetu ya kila siku. Niliyachemsha pamoja na maziwa na sukari kama ilivyo desturi yetu, lakini chai ikatoka nyeupe na isiyo na ladha. Je, nilipunjwa? – Mama wa watatu, Umoja, Nairobi.

JIBU: Hukupunjwa, mama. Chai nyingi ya Kenya hupitishwa katika mashine za rola zenye meno, ambazo huponda, hurarua na kuviringisha jani hadi likawa punje ndogo. Punje hizo hutoa rangi na ukali upesi, ndiyo maana hustahimili maziwa. Majani yako yametengenezwa kwa njia ya zamani zaidi: huanikwa kwa saa nyingi, mara nyingi kati ya 12 na 18, mpaka yalegee, kisha husokotwa bila kusagwa, yakaachwa yageuke rangi kwa hewa, ndipo yakakaushwa. Jani lisilopondwa hutoa ladha yake polepole, na maziwa huifunika kabla hujaionja.

Chemsha maji peke yake. Tia kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwa kila kikombe, mimina maji papo hapo yanapotokota (kwa mwinuko wa Nairobi hutokota yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyaacha yapoe), funika kwa dakika tatu au nne, kisha chuja. Ukitumia bilauri ya kioo utayaona majani yakijikunjua na kushuka chini, huku rangi ikielekea kahawia nyekundu iliyo angavu. Onja kabla ya kutia sukari. Mimi naona nusu kijiko inatosha, na pengine hutaihitaji. Usiyatupe majani hayo, kwani yanafaa kumiminiwa maji mara ya pili, ila uyaache muda mrefu kidogo.

Kwa chai ya maziwa ya asubuhi, endelea na punje zako za kawaida, ambazo hazina ubaya wowote. Haya mengine yahifadhi katika kopo lenye kifuniko cha kubana, mbali na iliki na mdalasini, kwa sababu majani ya chai hunyonya harufu haraka.