Kabla hujalipia apu ya kuchezea D&D, ipe kwanza kile kitu chako kigumu

Hii naiandika kwa ajili ya nyie mnaoendesha michezo ya kusimulia ya mezani, Dungeons & Dragons na ndugu zake, mkafika ile hatua ambayo dunia za vitabuni haziwatoshi tena na mmeanza kutunga ya kwenu. Sisi tunachezea Mtwara mjini, wenzetu wengine wako Masasi na Dar wanaingia kwa intaneti, na dunia yetu tumeitoa huku huku kusini. Kilichotuchosha sio kutunga, kutunga ndo raha yenyewe. Kilichotuchosha ni hizi programu zinazokwambia karibu utunge chochote halafu ukifika kwenye chenyewe unachokitaka unakuta hamna pa kukiweka.

Kwa ambaye ndo kwanza anaingia, huu ni mchezo ambao kila mmoja anacheza mhusika wake, mwendesha anasimulia dunia, na dadu ndo zinaamua linalotokea; ulitoka Marekani mwaka 1974, waliutunga Gary Gygax na Dave Arneson, na toka enzi hizo watu wanajiongezea vya kwao, viumbe vyao, uchawi wao, kanuni zao za kupigana. Hivyo vya kujitungia ndo wachezaji wanaviita homubruu. Kwenye karatasi hakuna wa kukuzuia, unaandika, mnakubaliana mezani, mnarusha dadu mnaendelea. Shida inaanza pale karatasi ya mhusika, ile yenye namba na uwezo wake wote, inapohamia kwenye simu au laptopu, kwa sababu anayepiga hesabu sasa sio wewe tena ni programu, na programu haiwezi kuhesabu kitu ambacho aliyeitengeneza hakukiwaza.

Niwape haki yao kwanza. Programu tuliyokuwa tunailipia kila mwezi ilikuwa nzuri sana kwenye viumbe. Tulitengeneza mnyama wa Tendaguru, pale Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa kuanzia 1909 mpaka 1913, zaidi ya tani 200, wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi, na yule mjusi mkubwa mpaka leo amesimama makumbusho kule Berlin. Sisi tulimchukua mwenzake mdogo, Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni mpaka mkiani. Unajaza uhai wake, kinga yake, pigo la mkia, unaweka picha, kwisha. Silaha za maajabu nazo freshi, uchawi mpya freshi. Ukiishia hapo utawaambia watu hii apu ni moto wa kuotea mbali.

Halafu tukaleta Mvaa Lipiko.

Huyu ni mhusika wa klasi mpya kabisa (klasi ni aina ya mhusika, kama mpiganaji au mchawi), tumemtoa kwenye lipiko, yaani yale masinyago ya Wamakonde yanayovaliwa kichwani kwenye ngoma (na hapa niseme, tumechukua kinachoonekana uwanjani tu, ya jandoni tumeyaacha huko huko jandoni, wazee wetu tuwaheshimu). Akishavaa anakuwa mwingine. Namba yake ya mvuto inakuwa ya nguvu na ya nguvu inakuwa ya mvuto, na kila mzunguko wa pambano ngoma inavyoendelea kulia anapata pointi moja tunayoiita pigo, anaanza sifuri anapanda, na hayo mapigo sio yake peke yake, yeyote kwenye kundi anaweza kuyachota ilimradi anaisikia ngoma. Sinyago likivuliwa mapigo yote yanapotea na mwenyewe anabaki hoi. Mezani hata mgeni anaelewa papo hapo.

Kwenye programu ikawa vita. Klasi mpya haikubali kabisa, inakuruhusu tu utunge tawi la klasi ambayo tayari ipo, haya tukambandika kwenye ya mpiganaji. Sasa pointi zote ambazo programu inazijua zinaanza zikiwa zimejaa, unazitumia mpaka ziishe, ukipumzika zinarudi, na ya kwetu inaenda upande mwingine, inaanza tupu inapanda, hilo halina pa kuingilia. Kubadilisha nguvu na mvuto nako hamna, unaweza kusema ongeza mbili, unaweza kusema iwe 19, ila kusema hii ichukue namba ya ile na ile ichukue ya hii hakuna. Na pointi ya kundi zima ndo usiulize, kila karatasi inajitegemea haijui ya jirani yake. Dada yetu wa Masasi ndo alikuwa anamcheza huyu, katikati ya pambano anauliza, "Kaka, sasa haya mapigo nayaandika wapi?" na jibu lilikuwa kwenye kisanduku cha maelezo, pale pale unapoandika kimo cha mhusika na rangi ya macho. Yaani mnalipa hela ili programu ipige hesabu halafu hesabu yenyewe mnapiga kichwani na kuiandika kwenye notsi. Inaudhi kwa kweli, na inaudhi zaidi kwa sababu kile kilichokataliwa ndo kitu pekee ambacho hakuna kundi lingine duniani linacho.

Hela nayo hivyo hivyo. Mchezo una aina 5 za sarafu, shaba mpaka platinamu, sisi tulitaka sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, zile ambazo chache ziliokotwa mbali kabisa visiwa vya Wessel kule Australia mwaka 1944, na tulitaka pia ushanga na vitambaa vya biashara navyo viwe hela. Hata jina la sarafu haikubali kubadili.

Najua kuna sababu. Klasi kwenye D&D imeshika vitu vingi, dadu za uhai, yale unayopewa kila unapopanda kuanzia levo ya 1 mpaka ya 20, nafasi za uchawi, halafu mtu anaruhusiwa kuchanganya klasi mbili na hesabu za uchawi zinaunganishwa, kwahiyo ukimwachia kila mtu atunge klasi yake inabidi mahesabu yote hayo yafunguliwe, na kama programu ilijengwa kwa kanuni za kitabu kimoja ni kazi ya kubomoa ukuta. Hapo nawaelewa mafundi. Ambacho sikikubali ni kuandika kwenye ukurasa wa kuuzia kwamba homubruu ipo, bila kusema ipo mpaka wapi.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndo mkubwa kuliko yote: ukiwa unajaribu programu kabla ya kulipa usianze na panga la moto au zimwi jipya, hivyo karibu zote zinaweza. Chukua kile kitu chako kigumu, ile kanuni ambayo ukiitoa dunia yako inakuwa kama ya mtu mwingine, jaribu kukiingiza hicho kwanza. Jaribu pointi inayopanda badala ya kushuka. Jaribu kitu kinachogusa karatasi mbili kwa wakati mmoja. Jaribu kubadili jina la sarafu, maana hilo dogo linakuonyesha haraka kama majina yamefungwa au yako wazi. Andika kwa Kiswahili uone kama karatasi inakatakata maneno yako marefu. Na utafute kitufe cha kutoa kazi yako nje kama faili, sio picha, faili, kabla hujaandika hata kiumbe kimoja. Kama kitufe hakipo mimi ningeacha hapo hapo.

Hilo la faili nalisisitiza kwa sababu ya yaliyotokea Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilipiga, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika maeneo ya Kilwa, haijapita muda nyaya za intaneti za baharini nazo zikakatika na mtandao ukayumba nchi nzima. Kazi yetu yote, viumbe, ramani, historia za wahusika, ilikuwa kwenye seva za watu nje huko. Mtwara tulikuwepo, meza ipo, dadu zipo, wachezaji wapo, ila karatasi haifunguki. Toka hapo kila kitu kinaandikwa kwanza kwenye faili la kawaida la maandishi linalokaa kwenye kompyuta yetu na kwenye flashi, ndo kinapelekwa kwenye programu, na karatasi za wahusika zinachapishwa steshenari. Programu ikifungwa, ikibadilisha kanuni, ikipandisha bei, dunia yetu iko kabatini.

Kuhusu kulipa kila mwezi fikiria vizuri kama unaishi huku. Kuanzia Oktoba minada ya korosho ikianza nusu ya meza yangu haipatikani, huyu yuko AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anapima magunia, yule kaenda shambani Newala, tunaweza kukaa wiki na wiki hatujarusha dadu na hela ya mwezi inakatwa kama kawaida. Kwa watu wa namna yetu kinachonunuliwa mara moja ni bora. Programu ya Foundry VTT kwa mfano unanunua leseni moja, dola 50 hivi, inakaa kwenye kompyuta ya mwendesha mchezo na wengine wanaingia kwa brauza bila kununua, na ndani yake unaweza kuweka bure mfumo unaoitwa Simple Worldbuilding ambao sifa za mhusika unazipa majina wewe mwenyewe. Mapigo tukayaandika mapigo. Ila inataka laptopu yenye uwezo na intaneti ya maana kwa anayeendesha, na kwenye simu inasumbua, kwahiyo kwa kundi la watu wa bando na simu sio jibu kamili. Ukitaka ramani tu na vipande vya kusogeza kuna Owlbear Rodeo, inafunguka kwenye brauza na haikubebeshi kanuni za mchezo wowote.

Na kwa yule dada wa Masasi, ambaye ana simu tu, tuliweka jedwali moja la Google Sheets. Seli moja ya mapigo ya kundi, wote wanaiona, anayechota anapunguza, ngoma ikilia mwendesha anaongeza. Fomula ndogo inabadilisha nguvu na mvuto ukiandika "ndiyo" kwenye seli ya sinyago. Bure, na inafanya kile ambacho programu ya kulipia ilishindwa.

Kuhusu haki za kutumia kanuni usiogope sana. Leseni ya wazi ya D&D ilikuwepo toka 2000, Januari 2023 kukawa na vurugu kubwa kampuni inayomiliki mchezo ilipotaka kuibadilisha, wachezaji wakagoma, mwisho kanuni za msingi, ile SRD 5.1, zikawekwa chini ya Creative Commons, leseni ya wazi inayotumika kwa kazi za kila aina. Unaruhusiwa kuzitumia, kuzitafsiri, hata kuuza kazi yako, ilimradi unataja zilikotoka.

Mwisho, waandikieni mafundi wa hizo programu, msiishie kulalamika kwenye grupu la WhatsApp. Ila usiwaandikie "ongezeni homubruu", hiyo wanaisikia kila siku na haiwaambii wafanye nini. Waandikie kitu kimoja, kanuni yako ilivyo, ulichojaribu, pale ilipogoma. Sisi tuliandika hivi: tunahitaji pointi inayoanza sifuri, inayopanda moja kila mzunguko, inayoonekana na kupunguzwa kutoka karatasi zaidi ya moja, na inayorudi sifuri mwenye nayo akivua kifaa fulani. Fundi akisoma hiyo anajua aguse wapi.