Nyoka Mwekundu na wa Kijivu Wamezaa Watoto wa Kawaida: Rangi Zimekwenda Wapi?

SWALI: Daktari, nafuga nyoka wawili wa mahindi. Jike ni mwekundu wa rangi ya chungwa, hana weusi hata chembe, na macho yake ni mekundu. Dume ni wa kijivu na nyeusi tu. Niliwapandisha nikitarajia watoto weupe, lakini wote 11 wametoka na rangi ya nyoka wa porini. Je, niliuziwa nyoka wenye kasoro? Na dume mmoja kati ya watoto hao akikua nikampandisha kwa mama yake, nitapata mweupe?

JIBU: Nyoka wako hawana kasoro yoyote, na rangi unazozitafuta hazijapotea, zimejificha ndani ya watoto hao 11, kila mmoja wao.

Ngozi ya nyoka wa mahindi, ambaye asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, hupata sura yake hasa kutokana na melanini, inayoleta weusi na rangi ya kahawia, pamoja na rangi nyekundu. Jike wako ana nakala mbili za jeni inayozuia melanini, na dume ana nakala mbili za jeni nyingine kabisa, inayozuia wekundu. Jeni zote mbili ni fiche, maana yake athari ya kila moja haionekani mpaka mnyama airithi kwa baba na kwa mama pia. Watoto wako walirithi kwa mama uwezo wa kutengeneza wekundu na kwa baba uwezo wa kutengeneza weusi, kwa hiyo wanatengeneza vyote viwili, huku kila mmoja akibeba jeni zote mbili fiche kwa siri.

Kumpandisha mtoto kwa mama hakutakupa mweupe. Mweupe ni yule asiye na weusi wala wekundu, kwa hiyo anahitaji kupokea pia jeni ya kuzuia wekundu kutoka pande zote mbili, na mama huyu hana ya kutoa: angekuwa anaibeba, takribani nusu ya watoto aliozaa na dume wa kijivu wangekuwa wa kijivu, na kupata 11 bila hata mmoja wa namna hiyo ni bahati ya mara moja katika 2,048. Ungepata watoto wekundu na wa kawaida, basi. Ukipandisha ndugu kwa ndugu, matarajio katika kila watoto 16 ni 9 wa kawaida, 3 wekundu, 3 wa kijivu na 1 mweupe. Hata hivyo hayo ni matarajio ya wastani tu. Katika mayai 14 yanayoanguliwa yote, uwezekano wa kukosa mweupe kabisa ni takribani asilimia 40. Ninachokushauri ni kumtafuta nyoka mweupe asiye na undugu na hawa wako na kumpandisha na mmoja wa watoto hao, kwa sababu hapo robo ya watoto hutarajiwa kuwa weupe, na unaepuka kuzalisha ndani ya ukoo mmoja.

Jeni zako mbili hazimdhuru mnyama. Sivyo ilivyo kwa ile ya chatu wa kifalme iitwayo spaida, ambayo huambatana na kichwa kutikisika na mwili kukosa mizani, na ambayo simshauri mtu yeyote kuizalisha kwa sababu ya uzuri wa madoa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni haraka. Jike asipandishwe kabla ya kufikisha miaka 3 na uzito wa gramu 300 hivi, kwani jike mdogo hukwama na mayai, na wengi niliowatibu kwa tatizo hilo walipandishwa mapema mno. Siku 10 hivi kabla ya kutaga atajivua gamba. Hiyo ndiyo ishara ya kumwekea boksi la kutagia lenye kuvumwani (mimea midogo laini kama sponji) chenye unyevu. Mayai yakitoka, weka alama ya penseli juu ya kila moja na ulihamishe kwenye mashine ya kutotolesha bila kuligeuza, kwa sababu kiinitete hujishikiza upande wa juu na kikigeuzwa huweza kufa. Nyuzijoto 27 hadi 28 za Selsiasi zinatosha; ukizidisha joto ili waanguliwe upesi, unakaribisha uti wa mgongo uliopinda.

Baada ya wiki moja, zima taa za chumba na uliguse yai kwa mdomo wa tochi ndogo: yai hai hung'aa rangi ya waridi, na mishipa myembamba myekundu hutawanyika chini ya ganda kama mizizi, ilhali yai tupu huwa la njano tupu. Karibu na siku ya 60 ganda litachanwa na kichwa kidogo kitachungulia nje. Mtoto anaweza kukaa hivyo siku nzima au zaidi akimalizia kufyonza kiini cha yai, na anayemvuta ili aone rangi yake huweza kumtoa na kiini kikiwa bado kinaning'inia tumboni. Mwache atoke mwenyewe, na usimpe kinda la panya mpaka amejivua gamba kwa mara ya kwanza.