Gemu la kumbukumbu na sapu yangu ya anatomia

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa kwanza wa kozi za afya, lile tangazo la gemu la kumbukumbu najua mmeshaliona: dakika kumi na tano kwa siku, kumbukumbu inanoleka kama wembe. Mimi nililipia kwa bumu, hela ya mkopo wa chuo, la muhula wa kwanza.

Gemu lenyewe ni vijisanduku tisa kwenye kioo cha simu. Kimoja kinawaka, kinazima, kinawaka kingine. Unabonyeza pale kinapowaka mahali palepale kilipowaka zamu mbili nyuma, halafu tatu, halafu nne. Siku za mwanzo nilitoka jasho. Baada ya mwezi na nusu nilikuwa nacheza zamu ya tano huku nasikiliza mpira redioni. Ukaja mtihani wa anatomia, swali la mifupa minane ya kifundo cha mkono. Niliandika sita, mmoja nikiurudia mara mbili. Nikala sapu, yaani kurudia mtihani.

Gemu linafundisha, msidhani halifundishi. Linafundisha gemu. Mwaka 2010 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature jaribio walilofanya na BBC: watu 11,430 walifanya mazoezi ya namna hii kwa wiki sita. Kwenye michezo yenyewe walipanda, ila kwenye vipimo vingine vya akili, hata vinavyokaribiana nayo, faida haikuonekana. Mwaka 2016 waundaji wa Lumosity, programu ya magemu ya namna hii, walikubali kulipa dola milioni 2 huko Marekani, baada ya tume ya biashara kuwashtaki kwa kuwahadaa wateja.

Hayo ni hasara ya hela na bando. Ninachokiogopa zaidi ni vile vifaa vya kupitisha umeme mdogo kichwani ili kunoa akili, kama miliampea 1 au 2, ambavyo watu hujiundia kwa betri ya volti 9 na sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi. Sayansi yake si uchawi. Inachunguzwa kwa wagonjwa wa sonona, tena chini ya uangalizi. Lakini watafiti Iuculano na Cohen Kadosh wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha mwaka 2013 kwamba umeme uliosaidia watu kujifunza alama mpya za namba uliwapunguzia wepesi wa kuzitumia bila kufikiri. Ulipowekwa sehemu nyingine ya kichwa, mambo yakageuka. Sasa wewe hosteli, na kioo cha kujinyolea, utajuaje umeweka wapi? Ngozi kuungua ndiyo shida ndogo.

Sapu niliivuka kwa boksi la biskuti. Nililikatakata vikadi, mbele nikachora mfupa, nyuma nikaandika jina. Mwenzangu wa chumba alinibana kwenye foleni ya wali maharage: "Neva ya saba?" Nikikosea, kadi inarudi kesho, nikipatia, inasubiri siku tatu, halafu wiki. Ile hali ya jina kukwama kooni, ukilitafuta bila kuchungulia daftari, inakera, na ndimo kujifunza kulimo. Anki, programu ya kadi za kujiuliza maswali, hufanya kazi hiyohiyo kwenye simu ya Android bila malipo, na hiyo ndiyo teknolojia ninayowapa bila wasiwasi. Kadi tu mtengeneze wenyewe, msidese za mwaka wa pili. Za kwangu zina makosa mawili kwenye neva.

Gemu bado ninalo. Nalicheza nikisubiri daladala, na rekodi yangu ni zamu ya saba.