Nimefufua Datsun 240Z nyumbani Tanga: anza na kutu, injini itasubiri

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Marehemu mjomba amekuachia Datsun 240Z iliyolala chini ya turubai tangu miaka ya tisini, mafundi watatu wamekwambia uanze kwa kuiwasha injini, na wewe unataka kulifufua gari mwenyewe uani, jioni na wikiendi, kisha ulipige rangi nyekundu na boneti nyeusi kama magari ya mbio za Safari Rally. Unauliza uanzie wapi, na kama kazi hii inawezekana nyumbani.

Inawezekana. La kwangu nililimaliza hapa Tanga baada ya miaka sita, kwenye banda la mabati nililolijenga ubavuni mwa nyumba. Nakujibu kwa urefu kwa sababu kosa lililonigharimu kuliko yote nililifanya mwezi wa kwanza, na kwa maelezo yako naona unaelekea kulekule.

Injini iache kwanza. L24, injini ya gari hili, ni imara sana: silinda sita kwa mstari, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Inaweza kukusubiri. Kwa sasa toa plagi zote sita, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache wiki nzima, halafu tia spana kwenye nati ya mbele ya krenki (shafti kuu ya injini) na uizungushe kwa mkono, taratibu, upande wa mishale ya saa ukiwa umesimama mbele ya gari. Ikizunguka, rudisha plagi, funika, uende zako. Usitumie stata. Ringi zilizoganda miaka thelathini zikivutwa kwa nguvu huvunjika, na petroli iliyobaki kwenye tangi imeshageuka ulimbo utakaoziba kila tundu. Tukiwa hapohapo kwenye tangi: lisichomelewe hata kama linaonekana kavu kabisa. Mvuke wa petroli hukaa ndani kwa miaka, na cheche moja inatosha kuua mtu.

Kisichosubiri ni kutu, hasa sisi tunaokaa na upepo wa bahari. Gari hili halina chasi ya pekee yake kama pikapu. Bodi ndiyo chasi. Sakafu, vizingiti vya milango na mihimili miwili inayopita chini ndivyo vinavyoshika kila kitu, kwa hiyo kutu ya 240Z haikuharibii sura tu, inakuvunjia mgongo wa gari. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa laini, na bisibisi ya zamani. Pitisha sumaku polepole. Mahali isiponata pana fila, ile lipu ya kuzibia bati, chini ya rangi. Inaponata lakini bati linabonyea, gonga kwa mpini wa bisibisi usikilize: bati zima linalia, bati lililooza linanyamaza.

Anza chini ya sinia la betri. Tindikali imedondoka hapo miaka yote, na chini yake upo mhimili wa mbele. Kisha fungua grili iliyo chini ya kioo cha mbele, kwenye wipa. Pale maji ya mvua huingia na kutoka kwa vijitundu, na majani ya mwarobaini yakiviziba maji hulala humo na kushuka ndani ya nguzo za milango. Kwangu nilitoa ndoo nzima ya udongo mweusi. Baada ya hapo angalia kipande kilicho nyuma ya mlango, kabla ya gurudumu la nyuma, ndani ya matao ya magurudumu, na shimo la tairi la akiba. Chini ya mazulia ya miguu ndiko nilikolia. Fundi aliyelishika gari kabla yangu alikuwa amebandika bati jipya juu ya lililooza na kulipaka lami nzito. Kwa juu palionekana pazuri. Nilipokwangua lami, kidole changu kilipita mpaka nje.

Sasa lile kosa langu. Kwa hamasa nililivua gari lote kwa miezi miwili: milango, viti, injini, giaboksi, vioo, kila kitu. Kisha nikakata kizingiti cha kushoto chote kwa siku moja, gari likiwa juu ya stendi nne, bila kuweka kitu cha kulishikilia. Nilipomaliza kuchomelea kipande kipya na kurudisha mlango, haukufunga. Pengo la juu lilikuwa milimita 3, la chini 9. Bodi ilikuwa imelegea katikati wakati kizingiti hakipo, nami nikaichomelea ikiwa imepinda. Nilikata tena kazi yangu mwenyewe, na mwaka mmoja ukapotea.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Acha milango mahali pake. Pima mapengo yote ukiwa na kipande cha mbao chenye alama, uandike ukutani kwa chaki isiyofutika au kwenye daftari. Chomelea bomba la mraba kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, pande zote mbili, na jingine la kukatiza katikati ya gari. Kata kipande kisichozidi urefu wa mkono, chomelea kipya, funga mlango, pima. Ndipo ukate kinachofuata. Inachosha, najua. Kila kipande kitakuchukua Jumamosi nzima. Ila mlango wa 240Z ukifungwa vizuri una mlio wake mmoja mzito, na huo mlio unatengenezwa wakati huu, wala si wakati wa rangi.

Kuhusu kuvua vitu: vua kona moja tu, imalize, ndipo uende nyingine. Usiweke bolti kwenye kopo moja. Mimi nilikuja kugundua njia inayonifaa: nachukua upande wa boksi la karatasi, nachora kifaa kama kilivyo, natoboa matundu na kuchomeka kila bolti mahali palepale ilipokaa. Bolti za hedi ya L24 hazilingani urefu, na za bawaba za boneti zina washa ambazo ukizichanganya boneti haikai sawa. Boksi linakukumbusha bila kuuliza. Piga picha kabla ya kugusa, si baada. Piga na ya nyaya zinapopita nyuma ya kitu, kwa sababu hapo ndipo utakapokwama miaka miwili baadaye.

Kuna sehemu moja nitakayokuonya kwa jina lake. Mikono ya chini ya nyuma, ile inayoshika magurudumu ya nyuma kwa chini, inashikwa na pini ndefu, moja kila upande, inayopita ndani ya kitovu cha gurudumu. Dunia nzima wenye 240Z wanaililia pini hii. Imekaa ndani ya chuma miaka hamsini, na ni kama imeota humo. Watu hupiga nyundo mpaka ncha yenye nyuzi inapanuka kama uyoga, na bado haijasogea. Kwanza hakikisha umetoa kile kipini kidogo cha kufungia kilicho katikati, kwa sababu bila kukitoa hata nyundo ya kilo kumi haina maana. Kisha oili ya kulegeza asubuhi na jioni kwa wiki mbili, moto kidogo kwenye chuma kinachozunguka pini, na kifaa cha kuivuta pini. Cha kwangu alinitengenezea fundi wa kukereza vyuma: bomba nene, bolti ndefu na nati ya kuunganishia. Upande wa kulia ulitoka siku ya nne kwa mlio kama wa risasi, watoto wa jirani wakakimbia. Wa kushoto nilishindwa, nikaubeba mkono mzima hadi kwenye karakana yenye presi. Usione haya kubeba kitu nje. Nyumbani maana yake ni kwamba maamuzi ni yako, si kwamba kila bolti lazima ifunguliwe uani.

Kabureta nazo zinakuwa kazi tamu ukiwa na subira. Ni Hitachi mbili zenye kuba, na ndani ya kila kuba kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa hewa. Kuba na pistoni yake vilipimwa pamoja kiwandani, hivyo usiyachanganye ya mbele na ya nyuma, hata wakati wa kuosha. Ukiinua pistoni na kuiachia, ishuke bila kukwama na itue kwa mlio laini. Tia oili nyepesi kwenye mrija wa juu. Nati ya mchanganyiko iliyo chini ipandishe mpaka mwisho, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu, huo ndio mwanzo wako. Valvu zipime injini ikiwa baridi: milimita 0.20 za kuingiza, 0.25 za kutolea moshi. Injini ikishapata moto, chukua mpira mwembamba wa nusu mita, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Sikiliza mvumo wa ya mbele, kisha wa ya nyuma, urekebishe mpaka sikio lisitofautishe. Nimeona vipimo vya bei kubwa, ila bado mpira wangu ndio ninaouamini.

Umeme sitausema sana. Safisha kila mahali waya wa ethi unapogusa bodi, na weka rilei za taa kubwa, yaani swichi za pembeni za kubeba umeme mkubwa. Kwenye gari hili umeme wote wa taa hupita kwenye swichi ya usukani, na swichi ya umri huo huungua.

Rangi ndiyo ya mwisho kabisa. Bati likishakuwa tupu usiliache lilale usiku mmoja, kwa kuwa Tanga alfajiri utakuta limeshabadilika rangi ya chungwa. Futa kwa kitambaa chenye thina, usiguse kwa vidole vyenye jasho, piga praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) siku ileile. Masika usipulize kabisa. Na kabla ya kuziba matundu ya vizingiti, pulizia nta ndani yake kwa mrija mrefu. Hakuna atakayeiona.

Kuhusu nyekundu na boneti nyeusi, naelewa kwa nini unaitaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa gari kama hilo, na Shekhar Mehta na msomaji ramani wake Lofty Drews wakafuata mwaka 1973, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Yale ya mbio yana heshima yake, na lile la 1971 Nissan, watengenezaji wa Datsun, wamelihifadhi Japani. Lakini hili ni la mjomba wako. Kabla hujaamua, toa dashibodi uangalie bati la nyuma yake, mahali ambapo jua na mafundi hawajawahi kufika. Kwangu nilikuta dhahabu, namba 920, ile ambayo wapenzi wa magari haya huiita Safari Gold, chini ya tabaka mbili za bluu. Nikairudisha ileile. Mzee mmoja mtaani aliposimama akalikumbuka gari hilo lilivyokuwa likipita barabara ya Pongwe, niliona nimefanya sahihi. Dashibodi yenyewe ina nyufa tatu za jua. Sikuziziba.

Linganisha pia namba kabla ya kutumia hela. Namba ya bodi ya gari la usukani wa kulia inaanza na HS30, na ndani ya chumba cha injini kuna kibati chenye namba ya injini. Isome, kisha uisugue namba iliyogongwa kwenye bloku. Zikilingana, bloku hiyo usiibadilishe hata ukipewa nyingine bure.

Jumamosi hii kunja mazulia ya upande wa dereva na wa abiria, kwangua kilichopo chini kwa patasi butu, na ufagie. Usikate chochote. Weka hapa picha za sakafu, za sinia la betri, na za mapengo ya milango yote miwili huku kipimo kikionekana, tuanze kupanga kipande cha kwanza ni kipi.