Mavazi ya karani wa mwaka 1905

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani, Mtwara. Shule moja ya sekondari imenipa kazi ya kushona mavazi ya igizo linalohusu Uingereza ya mwaka 1905, enzi za Mfalme Edward wa Saba, na mhusika mkuu ni karani wa kike. Picha nilizoonyeshwa zina magauni ya kuburura na viuno vilivyobanwa mno. Je, wanawake walivaa hivyo kila siku? Nami nitalipataje umbo hilo bila kumtesa mwanafunzi kwa joto la huku kwetu?

JIBU: Ndugu fundi, picha hizo ni za wanawake wenye mali, wakiwa wamevalia karamu. Karani, mwalimu au muuza duka alivaa blauzi na sketi, kwa kuwa blauzi ya pamba ilifulika kwa urahisi, na siku ya baridi aliongeza koti. Mshonee hivyo.

Umbo uliloliona lilitokana na korseti, yaani vazi gumu la ndani la kubana kiuno, iliyonyooka mbele, ambayo ilisukuma kifua mbele na makalio nyuma, hata mwanamke akitazamwa ubavuni alifanana na herufi S. Nakuomba usimvalishe mwanafunzi kitu hicho, kwa sababu mkato mzuri unatosha. Ikate sketi kwa pande saba zinazolala vizuri nyongani na kupanuka kuanzia magotini, kisha wingi wa kitambaa uupeleke nyuma; upindo uishie vifundoni, kwani mwenye kwenda kazini kwa miguu hakutaka kufagia vumbi la barabara. Kipande cha mbele cha blauzi kiwe kirefu kuliko cha nyuma, ukikusanye kiunoni kwa marinda madogo madogo, halafu ukiache kijae na kulalia mkanda. Marinda hayo ndiyo yatakayowafanya watazamaji waione enzi yenyewe, basi usiyafanyie haraka. Kola ilisimama hadi chini ya kidevu. Tumia lesi nyepesi isiyo na bitana, maana shingoni ndiko jasho litakakomsumbua.

Kofia ya kila siku ilikuwa ya majani makavu yaliyosukwa, bapa juu, yenye ukingo mnyoofu na utepe. Akina mama wanaosuka ukili hapo Mikindani wanaweza kukutengenezea. Manyoya usiweke. Ili kupamba kofia za matajiri, yangeyange waliuawa kwa maelfu wakati wa kutaga na kulea, makinda yakabaki kufa njaa, na Uingereza haikupiga marufuku kuingiza manyoya hayo hadi mwaka 1921.

Jambo moja ulihakikishe kwa mwalimu kabla hujatia mkasi: igizo lisije likavuka mwaka 1908 hivi, kwani kufikia wakati huo mbunifu wa mavazi Paul Poiret wa Paris alikuwa amepandisha kiuno cha gauni hadi chini ya matiti, na mkato niliokueleza hautafaa tena.