Birika la pande 16: ushauri kwa wanaohangaika na meshi za nyuso za pande nne

Vijana wanaojifunza Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D kwa kompyuta, hunitumia picha za modeli zao na swali lilelile: "Kaka, mbona nikilainisha inatoka makunyanzi?" Ukifungua faili unakuta meshi, yaani wavu wa nyuso unaounda umbo, ina vipeo (pembe za nyuso hizo) elfu tatu mahali ambapo mia mbili vingetosha, na ngazi ya kulainisha imepandishwa hadi nne kwa matumaini kwamba makunyanzi yatajificha. Hayajifichi. Umbo bovu likilainishwa ndiyo kwanza linaanikwa.

Ngoja nieleze kwa birika la chai la alumini, lile la kawaida lenye mdomo uliopinda, kifuniko na mpini. Karibu kila tatizo la kazi hii limo humo.

Kanuni ya kulainisha ambayo Blender na programu kama Maya zinaitumia waliichapisha Edwin Catmull na Jim Clark mwaka 1978. Kila uso wa pande nne unagawanywa kuwa nyuso nne, kisha vipeo vinasogezwa kufuata wastani wa majirani zake. Mchemraba wenye nyuso 6 unakuwa na 24 kwenye ngazi ya kwanza, halafu 96, halafu 384. Kwa hesabu hiyo meshi ya nyuso 400 ina 6,400 kwenye ngazi ya pili na 102,400 kwenye ngazi ya nne, na laptop inaanza kupumua kwa shida. Mimi huweka ngazi 1 wakati wa kazi, na 2 au 3 wakati wa kurenda (kutoa picha ya mwisho). Zaidi ya hapo, kwa kitu cha ukubwa wa birika, sioni faida.

Kwa kuwa vipeo vinavutwa kwenye wastani, umbo linasinyaa, na hili wengi hawaambiwi. Silinda ya pande 8 inapoteza karibu asilimia 10 ya nusukipenyo chake. Ya pande 16 inapoteza kama asilimia 2.5 tu. Sasa tuseme mwili wa birika una pande 16 na kifuniko kina pande 8, vyote nusukipenyo sentimita 9. Kabla ya kulainisha vinakaana vizuri. Ukilainisha, kifuniko kinapwaya kwa zaidi ya milimita 6, na mtu anaanza kukivuta kwa macho mpaka kinaharibika. Kipe kifuniko pande 16 kama mwili, basi.

Panapowashinda wengi ni kwenye mdomo. Kawaida mtu anatengeneza mwili, anatengeneza mdomo pembeni kwa pande 12 kwa sababu zimempendeza, halafu anavipachika kwa Boolean, zana ya kuunganisha au kukata maumbo. Anachopata ni fundo la pembetatu nyembamba na nyuso za pande saba, na mng'ao wa alumini ukifika hapo unakatika. Mimi huanza na mdomo kabla hata sijaweka silinda. Mdomo utakuwa na pande ngapi? Nane zinatosha. Mwilini nitazipata wapi pande nane? Kwenye kipande cha nyuso mbili kwa mbili, maana mzingo wake una vipeo vinane kamili. Mwili ukiwa na pande 8, kipande hicho kinameza robo ya mzunguko mzima. Ukiwa na 16 kinachukua nyuzi 45, zinazofaa kwa birika lenye mdomo mpana chini. Ukiwa na 24 ni nyuzi 30, mdomo mwembamba. Kwa hiyo idadi ya pande za mwili inaamuliwa na mdomo, na unaiamua kabla hujagusa kitu.

Chagua hizo nyuso nne, bonyeza I uziingize ndani kidogo mpaka upate pete ya nyuso kuzunguka, kisha futa zile za katikati. Ufanye mzingo wa tundu kuwa duara. Ukitumia LoopTools, nyongeza ya Blender, zima Flatten, la sivyo duara litakuwa bapa wakati mwili wenyewe umejipinda. Halafu bonyeza E uvute nje hatua kwa hatua, kila hatua ukizungusha kidogo kufuata mpindo wa mdomo.

Ile pete usiiruke hata kidogo. Bila pete, pembe nne za kipande chako zinakuwa vipeo vya kingo tano, na vinakaa palepale kwenye maungio, mahali umbo linapokata kona. Ukiweka pete, vipeo hivyo vinabaki nje, mwilini, ambako umbo limetulia, na kila kipeo cha maungio kinakuwa na kingo nne. Vipeo vya kingo tano kwenye kazi ya namna hii huvikwepi. Unachoweza ni kuchagua vikae wapi.

Mpini naujenga peke yake. Hata birika halisi mpini wake umepigwa ribiti, sasa kwa nini nijitese kuuchomelea kwenye meshi?

Kwa kingo kali, kama ukingo wa chini na mdomo wa kifuniko, kuna njia mbili. Shift+E inakupa ukingo mkali papo hapo, lakini ukiuweka hadi 1 unakuwa kama wembe na haushiki mwanga, wakati alumini iliyokandamizwa kiwandani haikosi mviringo mdogo ukingoni. Mimi napendelea kuongeza mizunguko ya kingo kwa Ctrl+R pande zote mbili za ukingo: ikikaribiana ukingo unakuwa mkali, ikiachana unalegea. Mizunguko ya kulala haina tabu. Ya wima ndiyo ya kuogopa, kwa sababu inapanda mwili mzima hadi juu na kuacha alama kana kwamba birika limebonyezwa.

Halafu kuna watu wamegeuza nyuso za pande nne kuwa dini. Kitako bapa cha birika kinaweza kuwa uso mmoja wa pande 16. Ngazi ya kwanza tu ya kulainisha inaugawa kuwa nyuso 16 za pande nne, na kwa kuwa pale ni bapa, hakuna kinachojikunja. Kwenye kuba la kifuniko nisingethubutu. Pale najaza kwa Grid Fill, vipeo 16 vinatoa nyuso nne kwa nne. Ila kama juu yake patakaa kile kirungu cha kushikia, kinafunika kila kitu, usipoteze jioni yako.

Kabla ya kurenda, washa matcap (mng'ao bandia wa kukagulia umbo) yenye mistari uizungushe modeli. Mistari ipite kwenye maungio bila kukatika wala kubanana.

Na picha ya nyaya, inayoonyesha kingo za meshi, ya kuweka kwenye kazi zako: ukitumia nodi ya Wireframe ndani ya Cycles, injini ya kurenda ya Blender, utaona pembetatu tupu, ufikiri meshi yako imeharibika. Haijaharibika, Cycles hugeuza kila meshi kuwa pembetatu kabla ya kuirenda. Badala yake nakili birika, kwenye nakala weka modifaya ya Wireframe chini ya ile ya kulainisha, ngazi ya kulainisha iwe 1 kwa birika na kwa nakala, nakala ipe rangi nyeusi na birika lenyewe kijivu cha udongo. Unene wa waya ushushe hadi nusu milimita, maana ule unaokuja na programu utalimeza birika la sentimita 20.